Alama ya Baba kwenye Kijiti cha Oili

Watu wengi wa Kawempe hawalijui jina langu lakini mgongo wangu wanaujua, kwa sababu katika ile video iliyozunguka kwenye simu zao mimi ndiye yule mwanamume mwenye kanzu iliyokuwa nyeupe, anayeparamia lori linalopiga kelele huku amekumbatia shuka, na niseme mapema kabisa kwamba ndiyo, ni mimi, sina pacha, na wale wanaosema nilikuwa najaribu kuzima moto kwa shuka wamekosea, hapakuwa na moto wowote, ingawa ukweli wenyewe ni wa aibu kuliko huo moto wao.

Lori ni la baba. Alilinunua alipostaafu upolisi, likiwa tayari limezeeka, akabebea mchanga na matofali mpaka alipofariki, na mama alikuwa ametangulia, kwa hiyo mimi niliyekuwa kidato cha pili nikavua sare ya shule Ijumaa na Jumatatu nikakaa kwenye usukani (miguu ilifika kwenye pedali, leseni ilifika baadaye sana). Nyuma yangu alikuwepo mmoja tu, Zamzam, mdogo wangu wa kike, nikaapa kwamba huyu atasoma mpaka aseme mwenyewe imetosha, na kweli lori lile lilimsomesha, mchanga kwa mchanga, mpaka akawa muuguzi.

Sasa injini ya lori lile zamani ilikuwa inakula oili kama mtu anavyokula karanga, bila kujua anakula. Baba alilijua hilo, akachukua tupa akachonga alama yake mwenyewe kwenye kijiti cha kupimia oili, upana wa kidole juu ya alama ya kiwandani, akaniita nikaone. "Rajabu," aliniambia, "hii ya chini ni ya waliotengeneza. Hii ya juu ni ya kwetu. Ukiwa na kilima mbele yako, jaza mpaka kwetu." Nilijaza mpaka kwetu miaka kumi na minne, kila asubuhi yenye kilima, na Kampala hii mnajua wenyewe ni asubuhi ngapi hazina kilima.

Ndipo Zamzam akapata mchumba, kijana mzuri, Mnubi kama sisi, na kwao ni juu kabisa Naguru. Kwetu sisi vitu vya bibi harusi havipelekwi kimyakimya. Vinapangwa juu ya gari, godoro, sufuria, mikeka, sinia, vyote vionekane, akina mama wanakaa navyo wakiimba, na mtaa mzima wa bwana harusi unatoka nje kuhesabu na kusema. Zamzam aliniomba kitu kimoja tu. "Kaka, sitaki makubwa. Shuka la mama liwe juu ya vyote, watu walione." Shuka hilo mama alilitarizi akiwa mgonjwa, maua mekundu na majani ya buluu pande zote, akafariki bado kona moja haina ua, ina mistari ya penseli tu aliyochora akisubiri nguvu zirudi. Zamzam alilikunja miaka yote ile akiingoja siku hiyo.

Na shida ilikuwa kilima. Lori letu likiwa na mzigo lilikuwa linapanda likipumzika, waendesha bodaboda wanalipita wakilipiga makofi ubavuni kama wanampa mzee pole. Shangazi Hawa, dada yake baba, ambaye hakuna jambo analolisema kwa kuzunguka, alinitazama akasema, "Rajabu, lori hili likikohoa mbele ya wakwe, watasema binti ametoka nyumba isiyo na mwanamume." Nikamjibu kwamba nitalitia nguvu. Nililisema jibu hilo kwa sauti nzito, mpaka leo nikilikumbuka natamani kurudi nyuma nijizibe mdomo.

Nikalipeleka Kisenyi kwa Fundi Warsame. Aliishusha injini yote, akachonga silinda upya, akaweka pistoni kubwa zaidi, ringi mpya, pampu ya dizeli yenye nguvu, na juu ya hayo akafunga tabo, ile feni ya kusukuma hewa ndani ya injini, aliyoitoa kwenye lori lililokufa. Akiba yangu yote iliishia pale na sikusikitika hata kidogo, maana tulipoiwasha mara ya kwanza ilitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye lori la baba, sauti ya kitu kilicholala vizuri.

Warsame akaniita karibu (hapa ndipo mnatakiwa kunicheka, maana kila kitu niliambiwa). Akanionyesha kibomba chembamba ambacho injini inatolea mvuke wake, alikuwa amekiunganisha na njia ya hewa inayokwenda kwenye tabo. "Hii si injini ya mzee wako," alisema. "Hii haili oili. Jaza mpaka alama ya chini, basi. Ukizidisha, ukiwa kwenye mpando, oili itapita hapa, tabo itaivuta, injini itaanza kunywa oili yake yenyewe. Ikianza hivyo, ssebo, ufunguo hauizimi."

"Nimeelewa."

"Nikupe kijiti kingine, hiki nitupe."

"Hiki hakitupwi," nikasema. "Huo ni mkono wa baba."

Alinitazama kidogo, akafuta kijiti kwa kitambaa, akanirudishia.

Wiki mbili nililiendesha tupu, polepole kama alivyoagiza, ringi zizoee. Nilikuwa naamka na furaha. Nilipita mbele ya wale wa bodaboda bila kuwatazama (niliwatazama kwenye kioo).

Jumamosi ya harusi tukapakia. Akina mama wanane nyuma, Shangazi Hawa mbele yao na sauti yake, vitu vimepangwa vizuri, na juu ya vyote, nyuma tu ya kabini, godoro limekunjwa na shuka la mama limetandazwa juu yake, maua yote nje. Mimi ndani ya kanzu mpya. Nikafungua boneti, nikachomoa kijiti nipime oili. Ilikuwa kwenye alama ya chini, safi, kama fundi alivyosema. Nikalitazama lile pengo, upana wa kidole, kati ya oili na alama ya baba. Mbele yetu kulikuwa na kilima. Binti yake alikuwa anaolewa. Nikaona kama nataka kuondoka nyumbani bila kumuaga, na dumu la oili lilikuwa pale pale miguuni, nikasema moyoni, kidogo tu, oili haijawahi kumdhuru mtu, nikajaza mpaka kwetu.

Baipasi yote lori lilikwenda kama maji. Akina mama wanaimba, magari yanatupigia honi, Shangazi Hawa anagonga paa la kabini ananiambia, "Leo ndiyo umekuwa baba." Nikakunja kuingia mpando wa Naguru nikiwa gia ya tatu, nikakanyaga, likapanda, wallahi lilipanda, na juu kule nikaanza kuwaona watu wa bwana harusi wamejipanga nje ya geti na nguo zao nzuri.

Katikati ya mpando injini ikaongeza mwendo. Sikuwa nimeongeza mimi. Nikaondoa mguu, ikaongeza tena. Nikakanyaga klachi, ndipo ikaanza kupiga kelele, sauti ya juu isiyoshuka, na kwenye kioo sikuona tena barabara, niliona moshi tu, mweupe, mzito. Nikavuta hendibreki, nikazima. Haikuzima. Nikachomoa ufunguo kabisa, nikabaki nimeushika mkononi nikiutazama, injini inanguruma kuliko ulipokuwa mahali pake.

Akina mama wakaruka chini wakikohoa, nguo za sherehe zote zimepata matone ya oili, mmoja anaweka jiwe nyuma ya gurudumu (Mungu ambariki, mimi sikukumbuka). Watu wakajaa, simu zimeinuliwa. Mwendesha boda mmoja akasimama akauliza kwa upole kabisa, "Ssebo, bibi harusi mnampeleka au mnamkausha?"

Nikampigia Warsame. Aliisikia injini kabla hajanisikia mimi.

"Umejaza mpaka wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za kilima.

"Umejaza ya mzee."

"Ndiyo."

"Ziba mdomo wake. Pale hewa inapoingia, nyuma ya kabini. Ziba na chochote, sasa hivi, kabla haijajivunja."

Chochote. Nikaparamia, kanzu ikachanika, moshi umenijaa machoni, lori linatetemeka lote kama linataka kunitupa, na mkono wangu ukatafuta juu ya mzigo ukashika kitu laini. Nilijua ni nini. Sitawadanganya kwamba sikujua. Nilijua, na nikawaza kwamba nitalishikilia tu pale mdomoni, injini itakosa hewa, nitalitoa, litafuliwa, nani atajua. Nikalikandamiza pale. Likavutwa. Halikuvutwa kama upepo unavyovuta nguo, lilivutwa kama mtu yuko ndani amelishika, nikang'ang'ania, maua yakapita katikati ya vidole vyangu yakaingia, ua baada ya ua, kisha injini ikakohoa, kitu kikagonga ndani mara mbili kwa nguvu, ikazima.

Kimya kile sitakisahau. Nilikuwa juu pale nimepiga magoti, mweusi, mtaa mzima unanitazama, na chini nikasikia sauti ya Shangazi Hawa, bila hasira, kama mtu anayetaja saa.

"Rajabu. Sinia lilikuwa hapo hapo."

Nikatazama. Lilikuwa hapo hapo. Sinia la bati, bapa, pana, lingeuziba ule mdomo kama kifuniko cha sufuria.

Wakateremka watu wa bwana harusi, mbele yao mjomba wake, polisi mstaafu ambaye wote wanamwita Afande. "Nani mkubwa wa bibi harusi?"

"Mimi, Afande."

Alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akatazama lori. "Kale," akasema, yaani haya basi. "Tupeni vitu." Wakavipakua, wakavibeba vichwani wakapanda navyo, godoro likiwa tupu juu ya kichwa cha kijana wao mmoja, akina mama wakaanza tena kuimba, kwa sauti ndogo. Mimi nilibaki na lori, maana breki sikuziamini, na hivyo mlango wa wakwe ambao nilifanya kazi miaka kumi na minne nifike mbele yake, ulifunguliwa nikiwa nimekaa chini barabarani nimeegemea gurudumu.

Simu ikalia. Zamzam, bado yuko nyumbani Kawempe anapakwa hina, video haijamfikia.

"Kaka, shuka la mama limefika?"

Ningeweza kusema limefika. Nikamwambia, "Limo ndani ya injini."

"Lote?"

"Kona moja imebaki nje."

"Ipi?"

"Ile ambayo mama hakuimaliza."

Nikasikia akivuta pumzi. "Niletee hiyo," akasema, akakata.

Nilimpelekea. Ameiweka, hajaniambia wapi, na bado hajanitania kuhusu siku ile, wakati Kampala nzima imeshanitania, na ningetoa injini nzima anitanie mara moja.

Lori liko Kisenyi vipandevipande. Warsame alitoa nyuzi nyekundu kwenye tabo kwa koleo, taratibu, akazitia kwenye mfuko wa plastiki, kisha akaniambia pistoni mbili zimevunjika na tutaanza upya nikijaliwa. Akanyoosha mkono apewe kijiti. Nikashindwa tena kumpa. Nikamwomba tupa yake nifute alama ile mwenyewe, nikaiweka juu yake, nikasukuma mara moja, nikaacha.

Kwa hiyo nimeapa kiapo kidogo kinachoniwezekana. Lori likipona nitaliendesha, nitaliosha, nitabadilisha tairi zake kwenye tope. Oili ataweka mtu mwingine, mtu yeyote ambaye hakumjua baba.