Tambiko la Nokbong laishia kwenye kamba ya Geum-ran

Asubuhi, kabla jua halijagusa kilele cha mlima Nokbong, Pyo Geum-ran anachoma theluji kwa fimbo, anainama, anasikiliza. Fimbo inazama vizuri, kisha inagonga kitu kigumu. Anakunja uso.

"Juu uji, chini kioo," anasema. "Mwisho wa baridi ndivyo ulivyo. Mchana inayeyuka, usiku inaganda. Januari mlima huu ni mkweli. Sasa hivi unakuchekea tu."

Mwaka wa kumi na nane huu, mama huyu, mlinzi wa mlima, anapanda mbele ya wageni wote, anafukua ngazi zilizofunikwa na theluji, kisha anaamua kama kamba nyekundu inayozuia njia chini ya mgongo wa mlima ifunguliwe. Mwenda pole hajikwai, wanasema, lakini kwenye barafu hii hata mwenda pole huenda chini. Na mjini maua yameshaanza kuchanua, kwa hiyo watu wanakuja na viatu vya matembezi.

Leo kamba imefungwa, na siku yenyewe ni mbaya kuifunga. Klabu ya wapanda mlima imewasili na kichwa cha nguruwe kilichochemshwa, keki za mchele na pombe, kwa tambiko la kuuomba mlima mwaka wa salama. Miaka yote wamelifanyia kileleni. Safari hii wapo na mwanzilishi wao, Gu Jong-pil, mzee wa miaka themanini na moja, aliyeapa kwamba akifika kileleni leo, hapandi tena.

"Mama, tufungulie bwana," anasihi mwenyekiti wao, Bae. "Hata nguruwe wetu anatabasamu, tazama."

"Anatabasamu kwa sababu yeye hatashuka kwa miguu."

Wote wanacheka isipokuwa mzee Gu. Anaitazama kamba, anakitazama kilele.

"Una uhakika theluji itateleza?"

"Sina, mzee wangu. Ningekuwa nao, isingeniuma hivi."

Mzee anachukua mkeka mgongoni mwa Bae na kuutandika mwenyewe mbele ya kamba. "Mlima una masikio," anasema. "Utatusikia hapa hapa."

Kichwa cha nguruwe kinaelekezwa kileleni, na wote wanasujudu, magoti kwenye theluji. Geum-ran naye anasujudu, nyuma kabisa.

Mpaka jioni, theluji ya juu haijateleza hata kipande. Ameikodolea macho mchana kutwa.

"Pengine wangepita salama," anasema, akikung'uta viatu mlangoni mwa kibanda cha walinzi. "Hilo ndilo nitalala nalo."

Lakini mpango anao. Mwezi wa tano, milima itakapochanua, ataomba ruhusa kazini ampandishe mzee Gu mwenyewe, polepole, hata ikichukua siku nzima.

"Nilimwambia, kiapo chako ni cha kileleni, na kileleni hujafika. Mara ya mwisho bado."

Mzee alimjibu nini?

Geum-ran anacheka mpaka anashika mlango. "Eti, 'Kumbe umenifungia hata njia ya kufa.'"