Chupa Nne za Amplifaya ya Kwaya

Kwaya yetu pale Tunduma walinitoa kwenye besi kwa sababu nilikuwa nachekesha watu katikati ya wimbo. Mwalimu wa kwaya, mtu mkali mwenye masharubu kama brashi ya viatu, badala ya kunifukuza kabisa akanipa mitambo. "Huko nyuma ya spika," akasema, "utamchekesha nani?" Nikakabidhiwa ufunguo wa boksi la amplifaya. Tangu nizaliwe sikuwahi kuaminiwa hivyo, maana hata darasa la saba nililimaliza kwa kusukumwa.

Amplifaya yenyewe ilikuwa ya kizamani, chuma kitupu, imetoka kwenye klabu ya wafanyakazi wa mgodi huko Zambia. Miaka ile mpaka ulikuwa umefunguka na kila kitu kilikuwa kinavuka, mpaka vitu vilivyochoka. Ndani yake kulikuwa na valvu, sisi tukiziita chupa, kwa sababu ni vioo vinavyowaka ndani rangi ya mkaa. Mbili kubwa za mwisho ndizo zinazosukuma sauti kwenda kwenye spika. Basi hizo mbili zikafa kwenye harusi, bibi harusi akiwa mlangoni. Zilinguruma kama ng'ombe aliyekosa maji, halafu kimya. Kanisa zima likageuka kuniangalia mimi, utafikiri mimi ndiye nimeungua.

"Jumapili tunaimba Vwawa," mwalimu akaniambia. "Ukinitia aibu nyingine, ufunguo nachukua na wewe unarudi kubeba mabenchi."

Alhamisi asubuhi akaja mama mmoja wa Nakonde, hapo ng'ambo, aliyekuwa anatuletea vipuri. Alikuwa na jozi mbili za chupa, amezifunga kwenye soksi za watoto. Jozi moja nene, zimekaa kama mama mwenye duka. Nyingine nyembamba na ndefu, kama mimi. Fundi wa redio alishatuambia amplifaya yetu inakula aina zote mbili.

"Iwe, wewe, chagua jozi moja," akasema, akichanganya na lugha ya kwao. "Nyingine ina mtu wake. Nazipitia saa kumi, navuka."

"Mama, niachie zote nitakuombea."

"Awe, hapana! Maombi yako ndiyo yaliua zile za kwanza."

Saa mbili nikachomeka zile nene. Mama wa solo, anayetuongozea nyimbo na kuuza mchele sokoni, alikuwa amepita na mwalimu kabla ya kufungua meza yake. Akashika maiki, akaimba mstari mmoja. Aisee! Sauti ilitoka imeshiba, ikajaa mpaka kwenye kona za paa. Nikazima. Sasa chupa zikiwa za moto huwezi kuzishika, lazima usubiri, na mimi kusubiri kwangu ni adhabu. Nikazunguka kanisa, nikahesabu madirisha, nikayahesabu tena nikapata idadi nyingine. Mwisho nikazing'oa kwa kitambaa, nikaweka zile nyembamba, nikasubiri tena zipate moto. Saa tatu ilikuwa imeshapita. Mama akaimba mstari uleule. Sauti ikatoka imelegea, na alipopanda juu ikachanika pembeni kama karatasi.

"Nene ni ugali," nikatangaza. "Nyembamba ni uji wa mgonjwa."

Mwalimu alitabasamu. Mwaka mzima sikuwa nimeyaona meno yake. "Basi tumechagua," akasema, wakaenda zao.

Ningeishia hapo ningekuwa shujaa. Lakini saa sita mikono ikaniwasha, nikarudisha zile nene ili niusikilize tena ushindi wangu. Nikawasha, nikaongea kwenye maiki. Uji. Uji uleule! Nikachungulia ndani, chupa zinawaka kwa unyonge kama sigara inayozimika. Nikatazama juu, taa ya kanisani nayo inasinzia. Ndipo nikasikia, nyuma ya ukuta, mashine ya kusaga inanguruma. Kila siku inaanza saa tatu, na ikianza inakunywa umeme wa mtaa mzima. Nilikuwa nimeizoea kiasi kwamba siisikii tena. Kumbe asubuhi sikulinganisha chupa na chupa. Nilikuwa nalinganisha kabla ya mashine na baada ya mashine.

Nikakaa. Nikasimama. Nikakaa tena. Nikinyamaza hakuna atakayejua. Lakini je, kama zile nyembamba ndizo bora, na saa kumi zinarudi Nakonde zimo ndani ya soksi?

Nikaenda mashineni. Msagaji mweupe kwa unga mpaka kope, na foleni ya akina mama na ndoo zao.

"Kaka, nizimie nusu saa tu."

"Nizime watu wakose unga, wewe usikilize vioo?"

"Huyu si ndiye aliyeharibu harusi?" mama mmoja akauliza, na foleni nzima ikacheka. Nikawaamkia wote shikamoo kwa jumla, wakazidi kucheka.

Msagaji akanionea huruma. "Saa nane nabadilisha mkanda. Hapo itazima yenyewe."

Ikabaki sehemu ngumu. Nikamfuata mwalimu, nikamkuta sokoni kwenye meza ya mama wa solo, nikamweleza.

"Kwa hiyo ule ugali wako?"

"Ulikuwa umeme, mwalimu."

Hakugomba. Alinyoosha mkono tu. Nikaweka ufunguo kwenye kiganja chake, yeye akampa mama wa solo, naye akaufunga kwenye pindo la kanga.

Saa nane mashine ikanyamaza, mtaa mzima ukawa kama umeziba masikio. Mama wa solo akafungua boksi, akaigeuzia amplifaya mgongo asione ni chupa zipi. Mwalimu akanionya nisitamke neno. Aliimba na jozi ya kwanza. Nikazima, nikazipepea chupa kwa kitabu cha nyimbo kama mchoma mishikaki, nikabadilisha, jasho linanitoka. Akaimba na ya pili. Safari hii hakuna iliyolegea. Zote zilikuwa na nguvu.

"Ya kwanza," mama akasema. "Ile inaniacha nimalize neno. Hii ya pili inanikimbilia mbele."

Ya kwanza ilikuwa nene. Nilitamani kusema si niliwaambia. Mwalimu aliniangalia, nikaanza kuzing'oa zile nyembamba nizirudishe kwenye soksi. Saa kumi chupa nyembamba zikavuka.

Jumapili pale Vwawa mama alifungua pindo la kanga, akaushika ufunguo hewani.

"Umeangalia?"

Nilishazunguka kanisa mara mbili, mpaka barabara kubwa. "Hakuna mashine ya kusaga, mama. Kuna mchomelea vyuma tu, naye anakunywa umeme vilevile."

"Mungu wangu. Yuko wapi?"

"Yupo humu ndani, benchi la tatu. Nimeshamsalimia, na nimekaa naye mpaka sala ikaanza."

Akanipa ufunguo.