Kompyuta Isiyojua Ngamia

Nakubali mbele yenu wote: nilikataa kufuta video moja kwenye flashi, na video yenyewe ni mimi nikimwigiza mwalimu mkuu anavyotembea (kazi safi, wallahi, bado naitetea).

Ilikuwa siku ya wazazi shuleni kwetu Garissa, na mwenye programu bora angeenda Nairobi kwa mashindano, nami nilishaanza kupanga nguo. Programu yangu ya Python unaiandikia jina la ngamia, inakutajia mama yake na nyanya yake. Ilikuwa na faili mbili: moja ya kuendesha kazi, nyingine, niliyoiita ngamia, yenye majina yote aliyonitajia hooyo, mama yangu, ya mifugo yetu kule Sangailu. Asubuhi nilipozinakili, ya kwanza iliingia, ya pili flashi ikasema imejaa. Nikajiambia, aah, hiyo ni orodha tu ya majina, kubwa ni hii ya kwanza.

Basi nikasimama mbele ya ukumbi, nikabonyeza, na ukutani pakatokea maandishi mekundu: hakuna moduli inayoitwa ngamia. Nikawaeleza wazazi kwa sauti ya daktari: "Shida ni kompyuta ya shule. Haijui ngamia."

"Kompyuta iko Garissa na haijui ngamia?" mzee mmoja akauliza. "Nani aliileta?"

Ukumbi ukavunjika mbavu. Badala ya kunyamaza nikaizima, nikaiwasha, nikaiamuru imtafute huyo ngamia mtandaoni, ikamkosa, nikaulaumu mtandao, nikalaumu na umeme, hadi Halima, mpinzani wangu, akapaza sauti: "Wee Abdi, wacha kutusi mashine. Faili ya ngamia umekuja nayo?"

"Si hii hapa!" nikabisha, nikafungua flashi nimwonyeshe, ndipo nikakumbuka ya asubuhi, nikaharakisha kuifunga, nikabonyeza video. Mwalimu mkuu, aliyeketi kando ya hooyo, akajiona ukutani akitembea kwa miguu yangu.

Nairobi ameenda Halima. Mimi sasa sinakili kitu kabla sijahesabu faili mara mbili, na video nimeihamishia kwa simu ya binamu.

Tulipofika langoni, hooyo akasimama.

"Umemwacha ndama nyumbani, ukaja kumpigia mama yake kelele eti hatoi maziwa. Na mwalimu wako hatembei vile. Tumbo lake hutangulia zaidi."