Majivu Niliyoinyunyizia Minyoo ya Rhobi

Maneno yalianzia mnadani, hapa Kiabakari: Rhobi anafuga minyoo ya kuingia matumboni mwa watu. Jirani yangu Ursula ndiye aliyeniletea. "Mama Rhobi, unakaa naye nyumba moja kweli?" Nikacheka. Lakini toka siku hiyo, kila nikichota maji mtungini nilikuwa nayachungulia kwanza.

Rhobi ni mwanangu wa pili, ana miaka ishirini na sita. Anatunza minyoo kwenye maabara moja ndogo mjini Musoma.

Saa kumi na mbili asubuhi ameshainamia hadubini. Macho mekundu, shingo imekakamaa. Kwa ncha ya waya mwembamba anachukua jike mmoja na dume mmoja, ndugu wa mama mmoja, anawaweka peke yao kwenye kisahani cha plastiki. Baada ya siku nne watoto wao wamekua, anaanza tena. Hakuna Jumapili, hakuna msiba.

"Nikichelewa vizazi vinachanganyika," anasema, huku anajikanda shingo. "Minyoo haijui kama mtu amechoka."

Mnyoo wenyewe haufiki milimita moja. Haukai ndani ya mtu wala ng'ombe; unakula bakteria kwenye vitu vinavyooza. Wa kwanza aliutoa Bunda, kwenye shina la mgomba lililooza. Wataalamu wanataka kusoma jenomu yake, yaani maandishi yote ya urithi yaliyomo mwilini mwake. Kila mnyoo una nakala mbili, ya baba na ya mama. Zikitofautiana sana, kuzisoma kunakuwa shida. Ndugu wakizaana vizazi ishirini, nakala zinafanana.

Mimi niliyeishia darasa la saba nilishtuka. "Kaka na dada? Kwetu huo ni mwiko, mwanangu."

"Mama na wewe! Hawa watapata wapi ng'ombe wa mahari?"

Mwezi wa tatu kabati la ubaridi la maabara likaharibika. Alikuwa amefika kizazi cha kumi na nane. Akaleta visahani vyote ishirini na vinne nyumbani, akavipanga sakafuni karibu na mtungi, penye ubaridi.

"Mama, usiviguse. Narudi jioni."

Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza. Ursula akapita, akaviona. "Eeh! Karibu na maji ya kunywa?"

Sisi maharage ya kuhifadhi tunayachanganyaga na majivu yasibunguliwe. Mdudu na majivu hawapatani. Basi nikafunua kisahani kimoja kimoja, nikanyunyiza majivu ya jikoni, nikafunika vizuri. Nilijiona nimewaokoa watoto wa mtaa mzima.

Rhobi akarudi jioni. Alikaa mlangoni penye mwanga, akaviinua kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho.

"Imekufa yote. Siku sabini na mbili za kazi," akasema. "Ungeniuliza tu, Mama."

Mkuu wake, Bwana Apolinary, amempa hadi mwisho wa Juni. Vizazi ishirini visipotimia, watasoma mnyoo wa nchi nyingine, na mkataba wa Rhobi utaishia hapo.

Safari hii hakwenda Bunda. Alifukua mgomba uliooza nyuma ya choo changu, akapata aina ileile. Sasa yuko kizazi cha kumi na moja.

"Nikimaliza nitalala siku mbili," anasema. "Halafu nataka waandike kwenye karatasi zao kwamba mnyoo huu umetoka Kiabakari."

Wazazi wenzangu, haya tuyazingatie:

Usifunue kitu cha mtoto kwa sababu jirani ameshtuka.

Usinyunyize majivu, chumvi wala dawa ya wadudu wa pamba kwenye kitu usichokijua.

Usidhani kila mnyoo ni wa tumboni.

Usimwache mwanao aondoke asubuhi hujamuuliza kazi yake ni kazi gani.

Na ule mgomba nyuma ya choo, mtu asiufagie.