Siku Nilipomchelewesha Mama wa Askari

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipoitikia "Sawa, Adeer" mahali nilipopaswa kusema hapana. Nilikuwa kijana, nimemaliza kidato cha nne hapa Garissa na kujiona mwerevu. Aliyenituma alikuwa Mzee Bare, kaka yake baba aliyesaidia kunilea, na kaka wa baba sisi humwita Adeer. Kumkatalia mbele ya wazee wenzake kulikuwa kama kumvua kilemba sokoni. Nikakubali. Heshima na utii ni ndugu, mwanangu, lakini si mapacha. Mimi nililijua hilo kwa kuchelewa.

Dahir alikuwa ndugu yangu wa kunyonya. Mama aliyenizaa alifariki nikiwa mchanga, na jirani yetu Ebla, aliyekuwa na Dahir kifuani, akanipa titi la pili. Kwa dini yetu maziwa hayo yalimfanya kuwa mama yangu. Nilimwita Hooyo, yaani mama, kama Dahir alivyomwita. Tulichunga ngamia pamoja, tukachapwa fimbo moja. Mimi nilipenda vitabu, yeye alipenda mbio. Jeshi lilipokuja kuandikisha vijana uwanjani, alikimbia pekupeku akawaacha wenye viatu wakila vumbi lake.

Baadaye alipelekwa na kikosi cha kulinda amani katika nchi ya mbali, huko Afrika Magharibi, ambako watu wa nchi moja walikuwa wakiuana. Alipokuja likizo ya mwisho, wauza mbuzi walimtania.

"Askari, unalinda amani ya watu, na hapa fisi wanatumaliza!"

"Fisi wa huko wana bunduki, mzee," akajibu. "Hawa wenu ni wapole, wapeni salamu zangu."

Hakurudi tena akiwa hai. Asubuhi ile ninayokuambia, habari ilifika kwa redio ya ofisi ya DO, mkuu wa tarafa, kwamba Dahir ameuawa vitani, na ndege ya jeshi ingeleta mwili wake mchana huohuo. Hooyo Ebla alikuwa na ngamia ng'ambo ya Bura, kule mvua ilikonyesha. Gari la ofisi hiyo lilikuwepo, na dereva. Angefuatwa mbio, angewahi mazishi.

Adeer Bare aliniita kando ya msikiti, wazee wengine wakisikiliza. "Nenda umlete, lakini usimwambie. Sema mtoto amejeruhiwa, yuko hospitali."

"Adeer, ataniuliza maswali."

"Wewe umesoma, hukosi neno. Na msifike kabla ya Alasiri. Maiti amekaa njiani siku nyingi, ni haki yake azikwe upesi. Mama akimwona atang'ang'ania sanduku mpaka jua lizame, na moyo wake hauna nguvu. Hata hivyo wanawake hawaendi makaburini."

Sikudhani ana ubaya, na leo sidhani. Alitaka kumkinga. Lakini wapo watu wanaomkinga mtu na jua kwa kumfungia ndani ya tanuri.

Sasa elewa mila yetu, ndipo ulipime kosa langu. Sisi wafugaji tukikutana porini, kabla ya maji na kabla ya chakula, mgeni hutoa habari: mvua imenyesha wapi, malisho yakoje, nani amezaliwa, nani amekufa. Anazitoa zote. Mtu anaweza kuhamisha ngamia wake wote kwa neno la mpita njia asiyemjua hata jina. Anayeficha habari ni sawa na anayefukia kisima mchanga.

Nilimkuta Hooyo akikamua, amesimama kwa mguu mmoja, kibuyu juu ya goti, kama wafanyavyo wakamuaji wa ngamia. Hakushusha mguu. "Toa habari," akasema.

Nikatoa za mvua, nikatoa za soko, kisha nikasema Dahir amejeruhiwa.

Mguu ukashuka. "Yuko hai?"

Hapo, mwanangu, mlango wa kutokea ulikuwa bado wazi.

"Yuko hai, Hooyo."

"Alhamdulillahi!" Alisujudu palepale kwenye mavi ya ngamia. Akaamuru mbuzi achinjwe, nyama igawiwe majirani kwa shukrani, akajaza kibuyu maziwa ya mgonjwa. Yote hayo yalikula muda, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba muda unaliwa.

Njiani alikuwa mchangamfu. Dereva wetu, Mutiso, alikuwa Mkamba, naye Hooyo alimsemesha kwa Kiswahili chake cha soko. "Wewe Mkamba, kanyaga gari! Hii naenda kama kobe iko na mimba."

"Mama, gari la serikali likikimbia, watu wanauliza limeiba nini," Mutiso akajibu, lakini akaongeza mwendo.

Nilipoona tutafika mapema, nikaomba tusimame penye kibanda cha chai. Nikanywa polepole. Hooyo hakushuka garini. "Ndugu yako anangoja, nawe unapuliza chai?" akaniuliza. Nikasema injini imechemka, iachwe ipoe. Mutiso alinitazama, akaitazama injini, akaagiza chai yake. Injini haikuwa na neno.

Tulipoingia mjini, wanaume walikuwa wanatoka makaburini na makoleo begani, na askari wenye sare kati yao. Hooyo aliona mchanga mikononi mwao. Hakuuliza hospitali iko wapi. Alishuka, kibuyu mkononi, akasimama katikati ya barabara.

Askari mmoja alimjia kwa magongo, mguu umefungwa bandeji. Aliitwa Wafula, mtu wa Bungoma. "Wewe ni mama yake Dahir? Mama, tulitaka kukungoja. Mkubwa wetu alikubali tungoje hata mpaka magharibi. Wazee wakasema uko mbali sana, leo hutafika."

"Uso yake," Hooyo akauliza, "ilikuwa namna gani?"

"Haukuguswa, Mama. Alikuwa kama amelala."

Ndipo akamweleza. Walikuwa barabarani waliposhambuliwa kutoka msituni. Wenzao walipata kujificha nyuma ya lori, lakini wawili wakabaki chini, wamepigwa risasi. Mmoja alikuwa Wafula. Dahir alitoka mafichoni akamburuta mpaka kwenye lori. Akarudi kumchukua wa pili, na huko hakutoka. "Mimi napumua kwa sababu yake, Mama," Wafula akasema.

Hooyo alinigeukia. Hakupaza sauti. "Adan, umeniacha nichinje mbuzi wa shukrani kwa mtoto aliye sandukuni. Maziwa niliyokunyonyesha sikuyatia maji."

Kisha akamnyooshea Wafula kibuyu. "Kunywa wewe. Hii ilikuwa ya mgonjwa, na wewe iko mgonjwa." Wafula akanywa, machozi yakichuruzika hadi kwenye maziwa.

Nashukuru, mwanangu. Ukinikuta nimekaa kimya barazani, mara nyingi nashukuru. Namshukuru Mungu kwa Dahir, aliyerudi mara ya pili wakati mara moja ingemtosha mtu yeyote kuitwa shujaa. Namshukuru Wafula, ambaye alimpa mwanawe wa kwanza jina la Dahir, kwa kuwa kwao jina la marehemu haliachwi litupwe. Alikuja kumtembelea Hooyo akimwita "Hooyo" kwa lafudhi ya Bungoma, naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mazishi. Na nashukuru kwamba Hooyo mwenyewe alinisamehe upesi, akanipikia, akasimamia harusi yangu kama mama wa bwana harusi. Hata Adeer Bare nilimshukuru kwa malezi yake kabla hajafariki. Majuto hayamzuii mtu kusema asante.

Lakini nisikilize mimi mzee wako. Wakubwa wakikutuma na uongo, hata wa huruma, busu mkono wao kisha ukatae. Watakasirika leo, watakuheshimu kesho, na wasipokuheshimu basi. Usijifanye mizani ya moyo wa mwenzako ukaamua huzuni gani ataiweza na ipi itamshinda. Aliyezaa ana mgongo wenye nguvu usizozijua. Wazee wetu husema ukweli na uongo haviachi nyayo sawa. Habari uliyopewa ifikishe nzima, ifikishe mapema, kisha kaa na mwenyewe alie.

Mungu akupe ulimi mnyoofu na miguu isiyochelewa penye msiba. Akuzidishie mifugo na watoto, na akukutanishe na watu watakaorudi kukuchukua ukianguka. Amin.

Mimi uamuzi ule ulinigharimu hivi: Hooyo Ebla alinipenda mpaka alipofariki, lakini hakuniamini tena. Hata nilipomwambia mvua imenyesha Bura, alimtuma mtu mwingine akaangalie.