Rangi ya Kuonekana Ng'ambo

Madirisha ya mbao ya nyumba ya bibi yangu yalikuwa ya buluu tangu kabla sijazaliwa, na nilipofika umri wa kuuliza maswali, hilo lilikuwa mojawapo ya maswali yangu ya kwanza. Kwa nini buluu? Mama alisema babu aliipenda tu. Jirani alisema duka la Same siku hizo lilikuwa na rangi mbili, buluu na kijivu, na kijivu ilikuwa imekwisha. Mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba buluu hufukuza nzi. Nzi wa jikoni kwa bibi walikuwa hawajaambiwa.

Kiangazi kile nilikuwa nimemaliza chuo na kazi sijapata, nikawa nimepanda kukaa na bibi huko milimani, upande wa Suji. Mchwa walikuwa wamekula fremu za madirisha kuanzia chini, na mvua ilipopiga kutoka bondeni maji yaliingia hadi miguuni pa kitanda chake. Baba mdogo, anayefanya biashara Dar es Salaam, akaamua yabadilishwe yote. Mimi nikapewa kazi ya kusimamia, kwa hoja kwamba nimesoma na sina la kufanya. Hoja ya kwanza niliipokea. Ya pili niliijadili mpaka nikachoka.

Nilishuka Same mjini kwa fundi wa aluminiamu, kijana mwenye karakana kando ya barabara kuu, akanipangia vipande vya rangi juu ya meza: nyeusi, kahawia, nyeupe, na ile ya fedha.

"Dada, nyeusi," alisema kabla sijauliza. "Nyeusi na kioo cha giza, ya kusukuma pembeni. Mtu akipita anajua hapa kuna watoto waliokwenda shule."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe ni zahanati."

Baba mdogo naye, nilipompigia, alisema nyeusi. Nilikuwa nimeshawekwa sawa. Jioni nilimweleza bibi tukiwa jikoni, anachambua maharage ya makande, na simu nikaiacha wazi ili baba mdogo naye asikie.

"Hapana," bibi alisema.

"Mama, ndiyo ya kisasa," sauti ya baba mdogo ilitoka kwenye simu. "Binti, usimsikilize sana bibi yako, wewe simamia kazi."

"Nimekusikia," bibi alisema, "na mimi ndiye niliyekuzaa."

Kisha akatueleza, polepole, kama anayeeleza jambo ambalo kila mwenye akili alipaswa kulijua. Mdogo wake aliolewa mlima wa ng'ambo. Ukisimama mlangoni kwa bibi unaiona nyumba yake juu ya migomba, ndogo kama kiberiti. Kwa miguu ni kushuka hadi mtoni na kupanda tena, na mdogo wake hatembei siku hizi, magoti yamekataa. Masikio nayo yamekufa karibu kabisa, akipewa simu anaishika kama kaa la moto.

"Alichobaki nacho ni dirisha langu," bibi alisema. "Akiona nimelifungua asubuhi, anajua nipo. Mimi natazama moshi wake. Sasa mkiniwekea kitu asichokiona, atajuaje?"

Baba mdogo alisema, "Mama, hayo ni mambo ya zamani."

"Na mimi ni wa lini?"

Mazoea yale yalikuwa na chanzo, na nilimbana bibi mpaka akanipa. Kwenye mteremko juu ya nyumba yake kuna ndiva, bwawa la udongo ambamo maji ya mfereji hukusanywa usiku ili yafunguliwe alfajiri kwa zamu. Mfereji huo ulizunguka kichwa cha bonde hadi mashamba ya ng'ambo. Bibi, kwa kuwa alikaa jirani na ndiva, alisikia maji yakifunguliwa, akafungua dirisha la chumbani mwake, na mdogo wake kule akiliona alichukua jembe akawahi kupokea maji kabla wenye mashamba ya katikati hawajayachepusha. Ndiva imejaa matope siku hizi na hakuna anayeshika zamu. Dirisha likaendelea kufunguliwa.

Nilivutiwa, lakini sikuamini. Umbali ule, mtu anaona dirisha? Niliona inawezekana kabisa kwamba ni vikongwe wawili, kila mmoja akijifariji kwamba mwenzake anamwona. Na kama ni hivyo, tulikuwa karibu kukataa madirisha mazuri kwa sababu isiyokuwepo. Nilitaka kupima.

Nyumba ina madirisha manne yanayotazama bonde. Jioni ile niliyafunika matatu kwa nje. La chumbani kwa bibi nikaweka kanga nyeusi, kwa kuwa nyeusi ndiyo iliyopendekezwa. La pili blanketi la kahawia. La tatu shuka jeupe. La nne nililiacha na mbao zake za buluu, zimefungwa. Nikamwomba bibi asiguse kitu mpaka nirudi.

"Chuoni mlikuwa mnafundishwa kuanika nguo?" aliuliza, lakini aliniachia.

Kulipokucha nilishuka mtoni nikapanda ng'ambo. Mdogo wake bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda nje ya mlango, uso umeelekea upande wetu. Nikainama sikioni kwake nikamwamkia.

"Marahaba, mke mwenzangu. Umekuja kuninyang'anya mume? Umechelewa, alishakufa." Kisha akanishika mkono kwa nguvu, na utani wote ukamtoka. "Dada yangu ana nini?"

"Mzima. Kwa nini?"

"Dirisha lake liko wazi tangu kulipopambazuka. Na lile la pili pia. Yeye halali dirisha wazi, kifua chake kibaya. Nimemwambia mkwe wangu akimaliza kukamua aende akaangalie."

Nikageuka kutazama. Macho yangu ni mazuri, na bado ilinibidi nitafute nyumba kwanza. Lakini nilipoipata, niliona alichokiona. Kwenye ukuta mwekundu wa matofali ya kuchoma, kanga nyeusi ilikuwa tundu, kama dirisha lililofunguliwa. Blanketi la kahawia nalo lilikuwa tundu. Nikamweleza sikioni kwamba ni vitambaa, kwamba tunachagua rangi ya madirisha mapya, na kwamba baba mdogo anataka nyeusi.

Aligeuza uso tena kuelekea ng'ambo.

"Ukiweka nyeusi," alisema, "kila asubuhi nitamwona ameamka. Hata asubuhi ambayo hajaamka."

Nikamuuliza kuhusu buluu.

"Kiangazi naiona. Ukungu ukishuka, nabahatisha."

"Umewahi kumwambia?"

"Nimwambie nini? Rangi ile alipaka mumewe kwa mkono wake." Akaelekeza kidole ng'ambo. "Ile nyeupe hapo. Ile hata kwenye ukungu nitaiona kama jino."

Nilipokuwa nikiondoka mkwe wake alikuwa akimnung'unikia kuhusu jiko la gesi lililokaa ndani bila kutumika, na bibi kizee akiongeza majani mabichi kwenye moto wa kuni ili moshi upande vizuri. Mkwe alidhani ni ukaidi wa uzee. Mimi niliposhuka kwenda mtoni nilifikiria zaidi lile neno, nabahatisha. Siku zote nimeamini kwamba ukweli ukishapatikana unasemwa. Njia ya kupanda ilikuwa ndefu, na nilipita migomba mingi nikijaribu sentensi tofauti.

Mwishowe nilisema tu. Bibi alikuwa amekaa kitandani mwake, chumba kikiwa giza kwa sababu ya kanga yangu.

"Wakati wa ukungu haioni buluu?"

"Hapana, bibi."

"Ukungu ni nusu ya mwaka." Akalitazama dirisha. "Kwa hiyo nusu ya mwaka nafungua dirisha kwa ajili ya migomba."

Nilitaka kumwambia kwamba kiangazi kinatosha, lakini nisingeamini mwenyewe. Alinyanyuka akafungua dirisha, kanga ikaanguka nje, akakwangua rangi ya buluu kwa ukucha. Chini yake kulikuwa na buluu nyingine, imekolea zaidi. Babu alirudia kupaka kila baada ya mavuno ya kahawa, bibi alinieleza, na kila mara alilalamika kwamba mkono unamuuma, na kila mara alikataa kusaidiwa.

"Seremala aje," alisema. "Mbao, za kufungukia nje kama hizi. Upande wa nje nyeupe. Upande wa ndani mniachie ya kwake."

Nilimpigia baba mdogo nikijiandaa kugombana. Nikamsimulia kila kitu, na nilipofika kwenye maneno ya bibi wa ng'ambo kuhusu asubuhi ambayo dada yake hajaamka, alikohoa, kisha akasema, "Mwambie seremala asitumie mbao mbichi." Tulikubaliana kwamba madirisha ya nyuma, yanayotazama zizi, yawe aluminiamu nyeusi na kioo cha giza. Mbuzi wa bibi sasa wanajua kwamba nyumba ile ina watoto waliosoma.

Rangi ilikauka ukungu wa kwanza ukiwa umeshuka. Asubuhi hiyo niliamka mapema nikakaa chumbani kwa bibi. Alisukuma mbao, upande mweupe ukageukia ukutani usionekane tena na ule wa buluu ukatazama bondeni, na mbele yetu hapakuwa na mlima, hapakuwa na bonde, hapakuwa na moshi. Migomba ya karibu tu, ikidondosha maji. Bibi alisimama pale, mikono juu ya fremu mpya.

"Ameniona," alisema.

"Umejuaje? Hata nyumba yake haionekani."

Aligeuka akanitazama, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona akiwa na hofu juu ya jambo lile.

"Si wewe uliyekwenda kupima ukaniambia nyeupe ataiona kwenye ukungu?"

Nilikumbuka kwamba siku ya kupima jua lilikuwa kali, na kwamba habari ya ukungu niliipata kwa maneno ya bibi kizee aliyekaa kwenye kigoda. Nilikuwa na pingamizi mbili tayari mdomoni, zote za haki.

"Ndiyo," nikasema. "Ataiona."

Kisha nikavaa viatu, nikashuka mtoni kwenda kuuliza.