Jani Langu la Isale Bungeni

Nimetolewa bungeni na uzee wangu huu, na wa kulaumiwa ni mimi mwenyewe. Tulienda Dodoma akina mama wa Kibosho, wageni wa mbunge wetu Aloyce, mtoto wa marehemu Apolonia. Akasimama kuiombea barabara yetu. Mheshimiwa Rehema akamkatiza, "Mwongo huyu!" Wakarushiana maneno mpaka nikaona barabara inaota mbawa.

Mimi sisafiri bila jani la isale. Kwetu ukiletewa hilo, lazima usamehe. Nikalipunga kule juu wanakokaa wageni: "Aloyce, mwombe mwenzako msamaha!" Askari wakanishika mkono, nje.

Mchana nikawakuta mgahawani, Rehema anamlisha Aloyce chipsi.

"Shikamoo, bibi," Aloyce akasema, mdomo umejaa. "Lete jani lako, tunagombania mshikaki wa mwisho."